Digidigi na Gome la Kunguru

Paukwa!
Pakawa!
Wadogo sogeeni, wakubwa tulieni.

Hapo zamani za kale, wanyama walitumiana habari kwa Kunguru. Ukimwita, puruu! Karuka, kafikisha.

Digidigi alikuwa na binti aliyeolewa ng'ambo ya mto, naye binti ana kitoto kichanga. Digidigi akamwendea Kunguru, awe akimpelekea habari.

Kunguru akamtandikia gome refu la mti, limejaa mikwaruzo juu hadi chini.

"Bonyeza ukwato hapa, mama."

"Pameandikwa nini?"

"Maneno ya kawaida tu. Wote wamebonyeza."

Akabonyeza. Pwa!

Kiangazi kikaja. Moto ukawaka nyikani, moshi ukaelekea ng'ambo.

"Kunguru, wahi! Mwambie mwanangu ahame!"

"Nimesikia."

Kunguru akaruka. Njiani akaona mzoga. Akatua. Akala, akala, akala, akasahau.

Siku ya tatu binti akafika kwa mamaye, anachechemea, manyoya yameungua. Peke yake.

"Mama, mbona hukuniambia?"

Digidigi akalia hadi sauti ikamkauka. Kisha akamshtaki Kunguru barazani kwa Mzee Tembo.

Kunguru akacheka, kaa! kaa! Akakunjua gome.

"Someni hapa chini. Mwenye shauri nami haji barazani. Anakwenda kwa Mwewe, tena peke yake."

"Mwewe ni nani wako?" Digidigi akauliza.

"Mjomba wangu. Anakula kwangu."

Tembo akamgeukia Digidigi. "Ukwato huu ni wako?"

"Ni wangu, mzee."

"Basi, mwanangu, mimi nimefungwa mdomo."

Digidigi akapanda jabali, kwa! kwa! kwa!, hadi kwa Mwewe. Mwewe hakuinua hata kichwa.

"Kunguru hana kosa. Nenda."

Akishuka akakutana na Ngiri anapanda.

"Ujumbe wangu haukufika," Ngiri akasema.

Nyuma kidogo, Pimbi. Naye vilevile. Nyuma ya Pimbi, Kanga.

"Kumbe tuko wengi!" Digidigi akasema. "Na kila mmoja kabonyeza aje peke yake."

Akarudi nyumbani. "Nilikutumia habari, mwanangu. Wallahi nilituma." Binti akatazama mto.

Watu husema majuto ni mjukuu. Digidigi mjukuu hana tena, majuto anayo.

Basi sikieni, wadogo kwa wakubwa: usibonyeze usichokisoma. Na anayekuchagulia hakimu kabla ya kosa, kosa analijua.

Hapo ndipo ilipoishia hadithi yangu. Anayetaka kuibeba, aibebe.