Dodoso la Bwawani

"Jamani, nina ngano."

"Tupe."

"Ni chungu."

"Tupe hivyo hivyo."

Haya. Ukame ulikausha visima vyote, likabaki bwawa moja, na ndani ya bwawa Kiboko. Chubwi, anaoga. Chubwi, anaoga tena. Wengine walilamba tope pembeni. Juu mwambani mama yake Pimbi alikuwa amelala, midomo imempasuka, hana hata mate ya kumeza.

Pimbi, mnyama mdogo wa mawemawe, alikuwa mwanafunzi. Akawaambia wanyama atatunga dodoso, atamuuliza mmoja mmoja, na watakalosema wengi ndilo lifuatwe. Kiboko akakubali upesi mno.

"Ila swali nalitunga mimi," akasema.

Akalitunga: "Kiboko mwema analilinda bwawa. Je, abaki nalo lote?" Kisha akasimama nyuma ya Pimbi, meno nje.

Pimbi akamuuliza Swala. "Ndiyo," akasema Swala.

Akamuuliza Ngiri. "Ndiyo," akasema Ngiri.

Akamuuliza Nyani. "Ndiyo," akasema Nyani, na ulimi umemkauka kama gome.

Pimbi akakata tamaa kabisa. Lakini kukata tamaa nako kuna ujanja wake.

"Mzee Kiboko, shuleni kwetu anayetunga swali naye huulizwa lake. Nikuulize?"

"Niulize."

"Nyuma ya kilima kile kuna mto mpana, hauna mwenyewe. Kiboko hodari hawezi kuuacha. Je, utautwaa leo au kesho?"

Kiboko akafikiria leo, akafikiria kesho. Kukataa hakukumjia kichwani. "Leo," akasema. Ti, ti, ti, huyo akaenda zake. Mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu.

Sasa Pimbi akauliza kama alivyofundishwa, bila kumsukuma mtu. Akawapa hata mgongo, wasione uso wake. "Bwawa litumiweje?"

"Ndiyo," akasema Swala.

"Ndiyo," akasema Ngiri.

Nyani akamsogelea sikioni. "Mwanangu, jibu lenyewe ni lipi? Tuambie tuseme."

Pimbi akatazama juu mwambani. Mama yake hakuwa akiinua kichwa tena. Moyo ukamuuma, akageuka. "Bwawa ni letu sote, sivyo?"

"Ndiyo," wakasema wote, wakayakimbilia maji. Mama yake Pimbi akateremshwa, akanywa, macho yakamrudi.

Ti, ti, ti. Kiboko huyo, mchanga hadi masikioni. Hakumpiga mtu. Aliuliza tu, tena kwa upole: "Bwawa ni langu, sivyo?"

"Ndiyo," wakasema wote, maji yakiwadondoka videvuni. Na sauti iliyosikika kuliko zote ilikuwa ya mama yake Pimbi.

Fundisho, wanangu: ukitaka kujua haja ya mtu, muulize mwenyewe, atakwambia la moyoni mwake. Nami mzigo wangu nimeutua hapa; mwenye mabega na aubebe.