Hereni za Nakunda

“Hereni hukaa sikioni, lakini haisikii.”

Mmemsikia yule mteja akimwambia binti yake maneno hayo nilipokuwa nampima gauni la kipaimara, nanyi mkacheka mkidhani ni utani. Si utani. Wekeni mikasi chini niwaeleze yalikotoka, maana aliyeyasema kwanza nilimfahamu. Yalizaliwa hapa hapa kwetu Upareni.

Msichana huyo aliitwa Nakunda. Mama yake alifariki yeye akiwa mchanga, hajaota hata jino, akalelewa na Bibi Nambike, mama mzaa mama. Baba yake alifanya kazi Arusha. Likizo moja akaja na zawadi: kidude cha kusikilizia muziki, kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto wa kike wapenda mapambo. Kilikuwa na umbo la kipochi kidogo cha rangi ya waridi, kikining'inia kwenye mkufu. Spika zake za masikioni zilikuwa hereni za maua ya dhahabu, na waya umefichwa ndani ya mkufu. Ungemwona amevaa, ungeapa ni vidani tu.

Bibi Nambike alikuwa na mtoto wa jicho, akiona kama mtu aliye ndani ya ukungu. Aliyapapasa yale maua akatabasamu.

“Baba yako amekuletea hereni?”

“Ndiyo, bibi.”

“Zimekupendeza. Sasa umekuwa msichana mkubwa.”

Nakunda hakueleza zaidi. Hakuona sababu.

Ilikuwa kawaida yao kukaa barazani alasiri wakichambua maharage. Msimu ule Bibi Nambike akaanza kumsimulia habari za mama yake: utoto wake, ndoa yake, ugonjwa uliomchukua, na maneno aliyomwachia mwanawe. Mzigo huo aliubeba miaka yote akingoja mtoto apate akili ya kuupokea. Alisema polepole, kidogo kidogo kila alasiri. Naye alikiona kivuli cha kichwa cha mjukuu wake kikiinama na kuinuka, akaridhika kwamba anasikilizwa. Kumbe kichwa kilikuwa kinafuata ngoma ya wimbo uliokuwa ukilia ndani ya zile hereni.

Asubuhi moja Bibi Nambike akaanguka jikoni. Kiharusi kilimchukua mkono na ulimi. Mdogo wake, Bibi Namsifu, akaja kumwuguza. Siku moja akamkuta Nakunda analia nyuma ya nyumba.

“Nyamaza, mjukuu wangu,” akamwambia. “Tumshukuru Mungu kwamba dada alikwisha kukukabidhi maneno ya mama yako. Aliniambia ulimsikiliza kwa utulivu kama mtu mzima.”

“Maneno gani, bibi?”

“Yale aliyokuachia mama yako kabla hajakata roho. Mimi hakunipa. Alisema ni yako.”

Nakunda akaingia ndani mbio, akapiga magoti kando ya kitanda.

“Bibi, niambie tena! Sasa nasikiliza. Niambie alivyosema mama.”

Bibi Nambike akamgeukia. Mdomo ukainuka upande mmoja, ikatoka sauti, lakini si neno. Akajaribu tena, na tena, hata jasho likamtoka kwenye paji la uso. Mwisho akafumba macho, chozi likashuka hadi kwenye mto.

Bibi Namsifu alikuwa amesimama mlangoni. “Nakunda, si mlikuwa mkikaa pamoja barazani?”

“Tulikaa, bibi. Hereni zilikuwa sikioni, lakini hazikusikia.” Akamweleza yote.

Bibi Namsifu hakumgombeza. Alikaa chini sakafuni, akamvuta kifuani, wakalia wote.

Baadaye Nakunda alizunguka kwa kila aliyemjua mama yake. Aliambiwa kwamba mama aliimba kwaya, kwamba alikuwa mwepesi wa hasira na mwepesi wa kusamehe. Aliyashika yote. Lakini maneno ya mwisho hakuna mtu mwingine aliyekuwa nayo. Bibi Nambike aliishi hadi mvua za vuli, na kila alasiri Nakunda alikaa naye, akitega sikio kwa kila mguno. Mara moja alidhani amesikia jina lake. Hakuwa na hakika, wala hakutaka kujidanganya.

Bibi Namsifu ndiye aliyeanza kuwaambia watoto wengine kauli ile, nayo ikaenea vijijini.

Nakunda sasa ni mama mwenye watoto wake. Niliwahi kumwuliza kama anakumbuka chochote cha alasiri zile.

“Naukumbuka wimbo,” akasema. “Wote, mstari kwa mstari.”

Kwa hiyo mkimwona mtu ameketi mbele ya anayesema naye, anaitikia kwa kichwa na moyo wake uko kwingine, msicheke. Mwambieni mapema, wakati ulimi wa mwenziwe ungali na nguvu: hereni hukaa sikioni, lakini haisikii.