Chingamu Chini ya Kiatu cha Simba

Mwaka ule jua liliwaka mpaka mijusi wakawa wanagombea kivuli cha mkia wa Twiga. Mito ilikauka, madimbwi yakawa vumbi, na katika mbuga nzima kikabaki kisima kimoja tu, kilichozungushiwa ua wa miiba. Simba akajitangaza kuwa ndiye mwenye kisima. Hakuwa amechimba hata konzi moja ya udongo, lakini alikuwa na meno, na mwenye meno habishiwi.

Simba alikuwa na kitu kingine cha kujivunia, nacho ni viatu. Vilikuwa vya ngozi, vyekundu, vinang'aa. Ngozi ilikuwa ya nani, hakuna aliyethubutu kuuliza. Alivivua mahali pamoja tu, mlangoni pa ua wa kisima, kwa sababu ilikuwa mwiko kuyasogelea maji na viatu, na mwiko huo hata mfalme aliuogopa.

Ndani ya ua huo Bi Nyati aliweka chungu cha samli. Wakati wa neema alikuwa amesukasuka maziwa yake, akaitoa samli iwe ya wote. Kila aliyepasuka kwato au nyayo kwa ukame alipakwa kidogo. Chungu kilikuwa kimemeguka mdomo, pale ndama wake alipokigonga kwa kichwa akicheza.

Asubuhi moja chungu hakikuonekana.

Fisi ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga kelele. "Mwizi ni Bi Kobe! Nimemwona kwa macho yangu haya! Hebu tazameni gamba linavyong'aa. Kama si samli, ni nini?"

"Nimezaliwa hivi," akasema Bi Kobe. "Hata mama yangu aling'aa."

"Mmesikia? Ukoo mzima wezi!"

"Na tumbo lako hilo, mjomba?" Sungura akauliza. "Mbona limetangulia mbele yako?"

"Hili ni upepo mtupu, mpwa wangu. Mimi samli siijui hata harufu."

Simba alikuwa na usingizi, na kesi zilimchosha. Akatangaza kwamba jua likifika utosini watakutana kwenye mwamba wake wa hukumu, na hapo Bi Kobe atafukuzwa kisimani. Wote walijua maana yake. Maji mengine yalikuwa mbali hata kwa Twiga, na Bi Kobe alihitaji asubuhi nzima kuuvuka uwanja. Kumfukuza kulikuwa sawa na kumuua polepole, kama mwenyewe Bi Kobe alivyozoea kufanya mambo yake yote.

Sungura hakuwa mwema, tusidanganyane. Lakini Bi Kobe ndiye pekee aliyekuwa akisikiliza uongo wake mpaka mwisho, kwa kuwa hakuweza kuondoka haraka. Sungura hakutaka kumpoteza msikilizaji wa namna hiyo.

Sasa, Sungura alikuwa na chingamu. Aliiokota kando ya barabara ya watu kiangazi kilipoanza, na tangu hapo alikuwa akiitafuna ili kuidanganya kiu. Utamu ulikwisha zamani. Akienda kulala aliibandika nyuma ya sikio, na kulipokucha akaendelea alipoishia.

Kabla ya hukumu Simba aliingia kunywa maji, akaviacha viatu mlangoni. Wanyama wote wakainama, kama ilivyokuwa desturi. Sungura akainama kuliko wote, akainama mpaka masikio yakapotea nyuma ya viatu. Alipoinuka, shavu lake halikuwa na uvimbe tena.

Simba akatoka, akavaa, akaanza kwenda mwambani kwa maringo. Nyaaa! Kiatu cha kulia kikanasa vumbi. Nyaaa! Kikanasa jani, kisha unyoya wa kanga. Akaharakisha, kikazoa na kinyesi cha Punda. Alipofika mwambani alikuwa anaburuta uchafu kama ufagio uliochoka.

Punda akacheka.

"Nani huyo?" Simba akanguruma.

"Kikohozi, Mfalme. Vumbi hili."

Simba akainua mguu, akatazama, akaushusha upesi. "Siwezi kuhukumu nikiwa na jalala mguuni! Kitoeni kitu hiki! Atakayekitoa nitampa kata ya kuchotea maji. Yeye ndiye atakayewagawia wengine wote."

Masikio ya Fisi yakasimama.

Nyani akajaribu kwanza. Akavuta kwa vidole, chingamu ikarefuka ikawa uzi, uzi ukamshika mkono, mwisho yeye na Simba wakawa wamefungwa pamoja kama bwana harusi na bibi harusi. Walipoachanishwa, Kifaru akakisugua kiatu juu ya jiwe. Ngozi ikaanza kutoka, chingamu ikabaki.

"Acha! Acha, mjinga wewe! Utanimalizia kiatu!"

Punda akaleta majivu, na chingamu ikabadilika rangi tu.

Hapo Sungura akajikohoza. "Mfalme, bibi yangu alikuwa akisema kitu kinachonata hakipigwi vita, kinapakwa mafuta. Unapaka samli, unasubiri kidogo, unafuta kwa jani. Tatizo ni kwamba samli imeibwa. Basi vua hicho, uvae kimoja. Nani atajali?"

"Kimoja? Nitembee kama kuku aliyekanyaga kaa la moto? Mimi?"

Fisi alikuwa anaiwaza kata. Akajiona anajichotea maji mwanzo, katikati na mwisho, huku wengine wakiramba midomo. Mate yakamtoka.

"Mfalme!" akaropoka. "Nyumbani ninayo samli, kidogo sana. Urithi wa marehemu mama yangu."

Kabla hajaulizwa alikuwa ameshatimua mbio. Akarudi na tone moja juu ya jani. Bi Nyati akafungua mdomo aseme, Sungura akamkanyaga kwato. "Shemeji, vumilia," akamnong'oneza.

Fisi akapaka. Ukingo wa chingamu ukalainika, unyoya ukadondoka na sehemu ya kinyesi ikaufuata. Simba akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Maajabu!" akasema Sungura. "Ila pale katikati bado. Pole, mjomba, umejitahidi. Ngoja nimkimbilie Ngiri, huenda yeye ana mafuta akaimaliza kazi."

"Ngiri wa wapi!" Fisi akafoka. "Kata ni yangu! Samli ninayo tele!"

Akakimbia tena, na safari hii kwa pupa hakutafuta jani. Akarudi amekikumbatia chungu kizima. Akakitua mbele ya Simba, akachovya mkono, akapaka, akafuta, mpaka chingamu yote ikabanduka na kuanguka chini, pwata! Soli ikawa safi kama ulimi wa ndama.

"Kata yangu, Mfalme," akasema, akihema.

Macho yote yalikuwa kwenye chungu. Mdomo wake ulikuwa umemeguka. Ndama wa Bi Nyati akasogea taratibu, akaweka kipaji cha uso kwenye lile pengo, na kikatulia pale kama mtoto mgongoni.

"Marehemu mama yako," Bi Nyati akauliza, "alikurithisha na alama ya kichwa cha mwanangu?"

Fisi akaachama. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, mdomo ule ulifunguka bila kuingiza kitu na bila kutoa neno.

Simba akanguruma, akasema kwamba tangu asubuhi alikuwa akimshuku Fisi. Hakuna aliyembishia. Alikuwa na meno.

Fisi aligeuka akimbie, akaikanyaga chingamu. Nyaaa! Ikazoa jani, ikazoa unyoya, ikazoa na kile kinyesi cha Punda. Akaondoka anachechemea, na hakuna aliyempa hata tone la samli. Ndiyo maana hata leo ukimwona Fisi anatembea nyuma pameinama, kama anayeburuta kitu, ujue bado anajaribu kuibandua.

Kata akapewa Bi Kobe. Foleni ikawa ndefu, na aliyesubiri maji alimaliza habari zote za kwao, lakini halikumwagika tone. Sungura alikaa karibu naye, taya zimemlegea kwa kukosa kazi.

"Chingamu yangu," alikuwa akilalamika, "na bado ilikuwa na utamu wote."

"Pole, mwanangu," Bi Kobe alimjibu, akimsikiliza mpaka mwisho.

Nyumbani kwa Fisi na mwambani si mbali, alikwenda na kurudi mara mbili tu: njia ya mwongo ni fupi.