Kwa Nini Witiri Anaishi Ncha Mbili za Waya

Hapo zamani, kabla baridi haijaingia katika ule waya mdogo wa maabara yetu, mwembamba kuliko unywele, nusu unapitisha umeme nusu unagoma, elektroni waliishi humo kiholela. Walisukumana, wakakanyagana, kila mmoja kivyake. Msicheke; hata nyinyi kwenye foleni ya chai mko vivyo hivyo.

Siku moja Mfalme Baridi akashika utawala. Akaamuru wote watembee wawili wawili, mkono kwa mkono, na asiye na mwenzi atolewe nje mzima mzima, asirudi tena. Kwa kweli utaratibu ulipendeza. Hakuna aliyemgonga mwenzake, na umeme ukapita bila kikwazo.

Tatizo ni kwamba hesabu haikugawanyika kwa mbili. Akabaki mmoja, Witiri, kapera mwenye maringo. Wenzake walipokuwa wakichumbiana, yeye alisema, "Mimi sitaki kuwa na mtu wa kumkumbuka." Sasa akalia kwikwi. Alizaliwa ndani ya waya ule na hakujua kwingine kokote.

Akamkimbilia Bibi Sumaku, jirani yao. Bibi akasonya kwanza.

"Ulikuwa wapi wenzako wakiposana? Haya, njoo hapa."

Akamgawa kama mkate wa kumimina. Nusu akaiweka ncha ya mashariki, nusu ncha ya magharibi.

Askari wa mfalme akafika mashariki. "Nani hapo?"

"Nusu, afande."

Akafungua agizo, akasoma tena: mzima mzima. Akakimbilia magharibi, jasho linamtoka kwenye baridi ile, na huko nako akakuta nusu. Alikwenda na kurudi mara saba. Mwishowe akaketi katikati ya waya, akavua kofia na kuandika ripoti: "Mtuhumiwa yupo, ila hakamatiki."

Na tangu siku hiyo Witiri yuko ncha zote mbili, na hakuna awezaye kumtoa kwa kushika ncha moja. Wataalamu huchungulia, mmoja akisema amemwona, mwenzake humwambia hilo ni vumbi. Lakini yeye mwenyewe hathubutu kujisogelea, maana nusu zake zikikutana tu, askari atampata mzima. Basi kila asubuhi nusu ya mashariki huita, "Mwenzangu, hujambo huko?" Jibu halifiki; kwa kiumbe mdogo kama yeye, waya ule ni mrefu. Aliyekataa kuwa na mtu wa kumkumbuka, hadi leo anajikumbuka mwenyewe.