Ubao Ulioondolewa Nyuma ya Goli

Tulieni, enyi mliokalia mabenchi haya ya baridi, na wewe mwenye karanga funga mfuko, maana jina nitakalolitaja halitajwi huku watu wakitafuna. Nasimulia enzi za waanzilishi, kabla hosteli ya pili haijapata paa, wakati wazazi walikuwa bado wanakiogopa chuo chetu cha Mwambaridi kwa sababu ya ukungu wake. Ndipo alipoupanda mlima huu Mghoi binti Mwadime, Mghoi wa mabega, mjukuu wa Wakesho aliyemwangusha fahali mbele ya wakwe zake, mtoto wa mama Malemba aliyeponda kokoto mpaka barabara ikafika kwao. Alikuja kusomea mambo ya udongo. Barafu alikuwa ameiona ndani ya glasi ya soda tu.

Barafu yenyewe ililetwa na tajiri mmoja aliyejenga hoteli jirani na chuo, akaweka ndani yake uwanja wa kuteleza ili awavute watalii, na watalii walipokataa kuvutwa akaondoka bila kuaga. Chuo kikarithi ukumbi, mashine za kugandisha, na viatu vyenye makali ya chuma. Wavulana wakaunda timu ya mpira wa magongo wa barafuni, ule wa kufukuza kisahani cheusi kwa gongo lililopinda. Wasichana wakaitwa kupiga deki. Mghoi alipiga deki kwa muda, kisha siku moja akaweka ndoo chini, akavaa viatu vilivyomzidi miguu, akashindilia soksi kwenye ncha, akaingia uwanjani mbele ya macho yao.

Waliomcheka walicheka mpaka alipowapita.

Akakusanya wenzake, wauguzi, walimu watarajiwa na wahasibu, na golini akamweka Kavata wa Kitui, msichana mwembamba mwenye ulimi mkali, aliyezuia kisahani kwa tumbo na kumtukana aliyekipiga. Wakamwendea mlezi wa wanafunzi, Bwana Mwakisha, kuomba nafasi yao. Naye akatamka: "Saa moja kwa juma. Mkivunjika, msiniletee vilio ofisini."

Sasa sikilizeni kosa letu, maana timu nyingine yoyote isingelifanya. Kocha wa wavulana alijitolea kuwafundisha wasichana kusimama: namna ya kuugeuza mguu kiubavu, makali yakakwaruza barafu, mtu akatulia. Ni kazi ya miezi. Mghoi akakataa. Akasema, "Saa yenyewe ni moja. Tukiimaliza kujifunza kusimama, tutakimbia lini?" Wote wakaliona neno hilo kuwa la busara. Wakajifunza kukimbia na kukata kona, na mtu alipotaka kusimama alijitupa kwa bega kwenye ubao unaouzunguka uwanja. Asiyeamini akauguse ubao wa upande wa mashariki. Yale mabonyeo ni mabega ya mama zenu.

Mwaka wa mvua ya mawe, wageni wakaja kutoka Chuo cha Ziwani, wanawake wenye sare mpya na kocha mwenye filimbi ya fedha. Asubuhi ya mchezo Bwana Mwakisha akasimama katikati ya ukumbi akatoa hukumu yake: "Dizeli ya jenereta haitoshi kugandishia mzaha. Wasiposhinda leo, saa yao wapewe wavulana, na viatu virudi stoo." Mghoi akaenda kukaza kamba za viatu vya wenzake, mmoja baada ya mwingine.

Wageni walicheza vizuri, hilo halina ubishi. Walisimama walipotaka, wakageuka walipotaka, na wetu wakawapita kwa kasi wakaishia ubaoni huku ukumbi mzima ukicheka. Wageni wakafunga goli. Kavata akazuia mengine mengi kwa tumbo, kwa shingo, na mara moja kwa paji la uso.

Kisha umeme ukakatika, na jenereta ikakohoa ikanyamaza. Maji yakaanza kusimama juu ya barafu. Mafundi wakaondoa ubao mmoja nyuma ya goli la wageni, wakafungua mlango mkubwa unaotazama mteremko, wakayasukuma maji nje kwa mifagio. Mwamuzi alikuwa na haraka, maana basi la wageni lilipaswa kuondoka kabla mvua haijakata barabara. Akaamuru pengo lizibwe kwa turubai na mchezo uendelee.

Barafu iliyolainika ikawageuka wale mabingwa wa kusimama. Kila mgeni aliyejaribu kusimama, makali yake yalizama, akaanguka kifudifudi. Mghoi wa mabega aliliona hilo kabla ya mtu yeyote, akatamka: "Asisimame mtu! Na kisahani msikipige pasi, kitakwama majini. Kisukumeni!" Wakakimbia wasichana wetu, wasiojua kusimama, na siku hiyo kutojua kukawafaa. Wakasawazisha.

Muda ulikuwa unakwisha Mghoi alipokichukua kisahani karibu na goli letu, akashika njia ya katikati. Kipa wa wageni alikuwa mzuri. Asingefungwa kutoka mbali kwenye maji yale. Ilibidi amfikie miguuni, kwa kasi yote, na kasi ile ilihitaji ubao wa kuipokea. Kavata, kutoka upande wa pili, akapaza sauti iliyosikika mpaka jikoni: "Wee Mghoi! Ubao haupo! Mghoi, achana nacho!"

Alisikia. Kila aliyekuwepo anaapa kwamba aligeuza uso, akalitazama turubai, kisha akainama zaidi.

Kisahani kikaingia golini. Mghoi akapita kando ya mlingoti, akalichana turubai, akatoka mlangoni kwenye mvua, na ngazi za saruji zikampokea.

Wapo wanaosimulia kwamba hakuonekana tena, kwamba bado anateleza kuelekea tambarare. Ni tamu kusikia, lakini Kavata ndiye aliyemfikia wa kwanza, akamkuta amekaa kwenye majani chini ya ngazi, goti limegeuka lisikogeuka goti, akiuliza jambo moja tu: "Limehesabiwa?" Akaambiwa limehesabiwa. Akalia kwa sauti. Wakamteremsha kwa gari la maziwa, akarudi kwao Taita, na mlima huu hakuupanda tena. Tulimwalika mara nyingi.

Kavata akabaki, akawa kocha, na kila mchezo unapoanza, kipa wetu huenda kwenye mlango ule, huupiga ubao kwa kiganja, na kuita, "Upo!" Hakuna anayesogea kabla ya sauti hiyo.

Nanyi mliovaa viatu leo kwa mara ya kwanza, hamtakimbia. Mtafundishwa kusimama, saa nzima, na mkichoka msinung'unike. Saa hiyo ni ya Mghoi.