Pete Katika Pindo la Kitenge

Wahenga walipotunga methali ya chanda na pete, hawakusema kila chanda. Walisema kile chema, na wema haupimwi kwa undugu wala kwa shahada. Kahambu alikuwa na vyote viwili.

Alikuwa mtafiti wa makaburi ya Walombardi, watu waliohamia Italia karne nyingi zilizopita na kuwazika wafu wao pamoja na vito. Katika jumba moja la makumbusho mjini Brussels alikuwa akiandaa maonyesho ya kaburi la bibi mmoja: bizimu za fedha za kufungia nguo, msalaba mwembamba wa dhahabu ulioshonwa kwenye sanda, na pete. Pete hiyo ilimtatiza, maana haikukutwa kidoleni. Ilikuwa kiunoni, ndani ya mabaki ya kifuko. "Aliivaa kiunoni ili kuringa," Kahambu aliandika, akaridhika.

Wakati huo mama yake mdogo, Maman Mauwa, aliyemlea tangu Butembo, Kongo, alikuwa taabani katika mtaa wa Molenbeek, mjini humo humo. Kutoka Auderghem, alikoishi Kahambu, ni safari ya metro tu, lakini Kahambu alionekana sikukuu kwa sikukuu. Aliyemwogesha na kumlisha mgonjwa ni Rolande, jirani wa mlango wa pili. Maman Mauwa alikuwa na pete moja ya dhahabu, na alizoea kusema kwamba itajichagulia kidole. Kahambu hakuwa na shaka ni kidole gani.

Siku alipofariki, Kahambu na Rolande waliingia chumbani kumwosha. Kidole cha marehemu kilikuwa kitupu.

"Rolande, pete ya maman iko wapi?"

"Iko naye, dada."

"Naye wapi? Kidole haina kitu! Bon, kama uliiuzisha, sema tu, niite tonton Sylvestre."

Machozi yalimlengalenga Rolande. Tuhuma hiyo ilimchoma.

"Fungula kikwembe yake," alisema. "Pale kwa fundo."

Kiunoni, katika pindo la kitenge, palikuwa na fundo dogo. Ndani yake mlikuwa na pete.

"Vidole vilivimba, alikuwa analia," Rolande alieleza. "Docteur alitaka kuikata. Mi nikaitoa polepole na mafuta. Alors, maman akakataa kulala mbali nayo, nikamufungia hapo. Alikuwa anaigusa kila asubuhi."

Kahambu aliushika mkono wa marehemu. Viungo vilikuwa vimefura. Mifupa ya vidole vya yule bibi wa Kilombardi nayo ilikuwa na vinundu. Alivipima yeye mwenyewe, asijiulize ni nani aliyemvua pete na kumwekea kiunoni. Maiti wa mbali alimjua hadi mifupani, lakini hakujua kwamba vidole vilimuuma mama aliyemlea. Aibu ilimshika, akalia kwa sauti.

"Kahambu!" tonton Sylvestre, mkuu wa ukoo, aliita kutoka sebuleni. "Pete umeiona? Ni yako, weye ndiye mutoto."

Kahambu aliuvuta mkono wa Rolande, uliochubuka kwa sabuni. "Pardon, Rolande," alisema. Rolande alijaribu kuurudisha, lakini Kahambu hakumwachia mpaka pete ilipovuka kifundo cha kidole na kukaa.

"Nimeiona, tonton," alijibu. "Imeshapata kidole yake."

Baadaye aliyafuta maneno yake kuhusu kuringa, akaandika kwamba huenda bibi yule aliumwa vidole na alikuwa na mtu wa kumtunza. Jina la mtu huyo halijulikani tena. La Rolande ukoo mzima unalijua, kwani chanda chema huvikwa pete.