Kanga na Miguu Sita ya Sisimizi

Paukwa!

Pakawa!

Mmekaa? Wewe pale nyuma, acha kutafuna. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakila mezani, Kiboko alikuwa na mgahawa kando ya bwawa. Mmoja wa wahudumu wake alikuwa Kanga. Siku hizo Kanga alikuwa mweusi tii, hana doa hata moja.

Kiboko hakumlipa mshahara. Alimwambia, "Wanawishe wateja. Utakayemnawisha, bakshishi yake ni yako." Basi Kanga akanawisha, akaandaa, akafuta meza, akanawisha tena. Alichopewa ndicho walichokula vifaranga wake.

Kikaja kiangazi. Wateja wakapungua, bakshishi zikapungua. Siku mbili nzima Kanga akarudi mikono mitupu. Siku ya tatu, kifaranga wake wa mwisho hakuinuka. Alifungua mdomo tu, akaufumba. Kanga akatoka nyumbani akiomba, "Mungu wangu, leo nipate japo konzi moja ya mtama."

Mchana ardhi ikatikisika. Ndi! Ndi! Ndi! Tembo huyo! Na Tembo akishiba huacha kikapu kizima cha mtama. Kanga akakamata birika na beseni, mbio!

"Dada, naomba kunawa."

Kanga akasimama. Akatazama huku, hakuna mtu. Akatazama kule, hakuna mtu. Akatazama mezani. Kumbe Sisimizi! Kajaa matope miguu yote.

"Nimekaa hapa tangu asubuhi," Sisimizi akasema. "Kila mtu ananipita."

Kanga akamtazama Tembo. Akamkumbuka kifaranga wake. Moyo ukamuuma kwelikweli. Lakini akasema, "Uliyetangulia umetangulia, mgeni wangu. Lete miguu."

Akainamisha birika taratibu, maana maji mengi yangemchukua mgeni. To! Mguu mmoja. To! Mguu wa pili. Na sisimizi ana miguu mingapi, watoto? Sita!

Alipofika wa nne, Tumbili, mhudumu mwenzake, alikwisha kumnawisha Tembo. "Kwi kwi kwi!" Tumbili akacheka. "Shoga yangu, leo watoto wako watashiba heshima!"

Sisimizi akala chembe ya ugali. Akaacha punje moja ya mtama. "Dada, ninayo hii tu."

"Ahsante, mgeni wangu," Kanga akasema, akampigia goti. Kisha akaenda nyuma ya jiko, akalia.

Alasiri akasikia, shwaaa... shwaaa... shwaaa...

Akachungulia. Loo! Ardhi yote, kutoka bwawani hadi kilimani, imekuwa nyeusi, na inatembea! Sisimizi! Mbele sisimizi, nyuma sisimizi, mwisho wao hauonekani. Tembo akainuka, akakunja mkonga, akarudi nyuma hatua kwa hatua. Kiboko akazama, yakabaki macho. Tumbili kicheko kikamkauka. Sisimizi wakauliza kwa sauti moja,

"Aliyemnawisha ndugu yetu yuko wapi?"

Kanga akajitokeza. Kila sisimizi akapita mbele yake, akatua punje moja, akasogea. Punje, punje, punje. Zikamfika kwenye kucha. Zikamfika magotini. Zikampita kichwa, na bado zinakuja! Kanga akabaki mdomo wazi. Hajawahi kuona kitu kama kile, wala babu yake hajawahi.

Vifaranga wakaitwa. Hata yule wa mwisho akabebwa, akawekwa penye mtama, akadonoa. Do! Do! Do! Akasimama mwenyewe.

Kanga akafuta machozi, akashika birika. "Wageni wangu, hamwondoki na matope."

Akanawisha! Miguu sita, miguu sita, miguu sita, mpaka jua likazama. Matone yakamrukia kifuani, yakamrukia mgongoni, yakamrukia mabawani. Mtazameni kanga hadi leo, madoa meupe mwili mzima. Ni maji yale, hayajamkauka.

Basi, wanangu na wakubwa wenzangu, mgeni ni mgeni hata akiwa mdogo kama punje. Mhudumie zamu yake inapofika.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nami nimewahudumia tangu mwanzo hadi mwisho. Haya, bakshishi yangu iko wapi?